Waliofungua Sakafu

Kwenye msiba wa Mzee Kirpal nilikaa chini kwenye mkeka na wenzangu, kichwa nimefunika kwa mtandio wa kuazima, tukala dengu na chapati kama wanavyokula Masingasinga wakishamsindikiza mtu wao. Nilikuwa nimejiahidi kwamba siku hiyo sitagombana na mtu. Nilivumilia mpaka chapati ya pili. Mwanamume mmoja wa rika langu, ambaye ujanani alikuwa akicheza skeiti upande wa wavulana, akasema kwa sauti ya kutaka watu wacheke, "Mzee wetu alikuwa mtu mwema, lakini kwa alama, mchoyo! Mimi hajawahi kunipa tano." Watu wakacheka. Hata Jasbir, binti wa marehemu, akacheka huku anafuta macho. Mimi sikucheka. Nikamwambia yule bwana kwamba Mzee Kirpal hakuwa mchoyo hata kidogo, na kwamba ushahidi ninao kwa sababu nilizihesabu alama zake zote mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, mezani kwake. Akanitazama kwa huruma. "Elinami, bado tu?" Bado. Nina miaka hamsini na miwili, nina wajukuu wawili, na bado. Nilipofika nyumbani nikatafuta daftari nianze kuandika habari za mwaka ule, maana nimeona tukiendelea kufa hivi, itabaki hadithi ya mchoyo peke yake.

Mambo ya ukoo wangu nitayaacha, hayana kazi hapa. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu, na kila alasiri nilikuwa mtaani Levolosi, Arusha, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala la mahindi, nikiteleza kwa viatu vya magurudumu. Wajukuu nikiwasimulia wanadhani natunga. Lakini mashindano yalikuwepo, mara nne kwa mwaka, Jumamosi asubuhi, Kijenge, kwenye ukumbi wa jumuiya moja ya Wahindi ambao sakafu yake nyekundu ilikuwa imesuguliwa miaka mingi mpaka unajiona miguu. Mchezaji aliingia peke yake, kaseti ikawekwa, akaruka na kuzunguka kwa dakika tatu. Kisha majaji watano waliokaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe waliandika kila mmoja alama yake, kuanzia sifuri mpaka sita, zikajumlishwa, basi. Na mwaka ule kulikuwa na kitu cha kugombania kwelikweli. Mashindano ya Julai yangemtoa msichana mmoja wa kwenda Nairobi kucheza na wenzetu wa nchi jirani, na mwisho wa umri ulikuwa miaka kumi na tisa. Kwangu ilikuwa mwaka huo au basi tena. Nilikuwa sijawahi hata kuvuka mpaka pale Namanga, na niliitaka Nairobi mpaka nikawa naiota.

Sisi wa Levolosi hatukuwa na ukumbi. Tuliazimwa ule wa Kijenge bure, na kocha wetu, Ramadhani, fundi cherehani mwenye chumba kimoja cha kushonea karibu na soko, alikuwa mtu asiyeweza kupokea kitu bila kurudisha. Miaka kadhaa nyuma alikwenda mbele ya kamati akaomba watoto wake wapewe heshima ya kufungua sakafu. Maana yake, tulifika saa moja asubuhi na ndoo na madekio, tukadeki ukumbi wote, halafu sisi wenyewe tukatangulia kucheza, wa kwetu wote kabla ya wenyeji. Mimi kwa kuwa ndiye mkubwa nilikuwa wa kwanza kabisa. Mwezi wa saba Arusha, Mlima Meru ukiwa umejifunika blanketi lake la mawingu, saruji haikauki upesi. Nimeruka juu ya unyevunyevu wa maji niliyoyamwaga mwenyewe, na nikajivuna. Tulijivuna wote. "Ukumbi huu haufunguki mpaka Levolosi wateleze," Kocha alikuwa akituambia tukifunga kamba za viatu, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. Nikilikumbuka hilo leo ndipo hasira inaponipanda, kwa sababu hakuna aliyetushika mkono kutulazimisha.

Mashindano ya Aprili nikawa wa nne. Nilijua nimecheza vizuri, nilijua kwa magoti yangu, na nilipotazama karatasi ya alama iliyobandikwa ukutani nikaona kilichoniangusha: jaji wa tatu, Mzee Kirpal, alinipa nne. Majaji wengine walinipa nne na nusu na kuendelea. Yeye nne kavu. Jumatatu nikaenda kwenye karakana yake ya kuchonga vyuma, moto kichwani. Alikuwa ameinama kwenye mashine, kilemba cha kijivu, mikono myeusi kwa girisi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gurudumu limepasuka?" Yeye ndiye alikuwa akituchongea magurudumu.

"Gurudumu zima. Nimekuja kwa sababu wewe ndiye unayetuangusha watoto wa Levolosi. Kila mara. Unatuibia."

Nilisema hivyohivyo, kwa mtu aliyeweza kuwa babu yangu, mbele ya mafundi wake. Akazima mashine. Mimi nikaanza kutamani ardhi inimeze, lakini sikuondoa macho yangu kwake. Akafuta mikono polepole kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mtu ameniambia umesoma hesabu."

"Nimesoma."

"Nina karatasi za alama za miaka yote niliyokaa mezani. Majaji wote watano. Hazitoki nyumbani kwangu. Njoo Sekei, ukae uhesabu. Ukimaliza uniambie mimi ni mwizi wa aina gani."

Nyumba yake ya Sekei ilikuwa na chumba cha kulia chenye dirisha linalotazama migomba ya jirani, na meza ndefu iliyofunikwa plastiki ya maua. Nilikwenda pale alasiri karibu zote za Mei na Juni. Mama Jasbir, mkewe, hakuniuliza nimefuata nini. Aliniwekea chai ya tangawizi na sahani ya bamia au viazi vya manjano, akasimama mpaka nile, ndipo anaondoka. Nilikuwa nimezoea loshoro ya mahindi na maziwa mgando na ndizi za kwetu, na wiki ya kwanza pilipili yao ilinitoa machozi, Jasbir akawa anacheka mpaka anashika mbavu. Jasbir alikuwa wa umri wangu, naye akicheza upande wa wenyeji, na kwa haki angekuwa adui yangu. Badala yake akawa ananisomea karatasi kwa sauti, mimi naandika. Mlango wa sebuleni ulikuwa haufungiki vizuri. Siku moja wakaja akina mama wawili wa kamati kumtembelea mama yake, nasi tukasikia kila neno pamoja na milio ya vikombe.

"Wale watoto wa Levolosi wana adabu, jamani. Wanadeki wenyewe, bila kuambiwa."

"Na wanaridhika. Hujawahi kusikia wakilalamika."

"Kabisa. Wanaridhika."

Jasbir aliinamisha uso kwenye karatasi. Mimi kalamu ilikatika ncha. Sijui tusi gani lingeniuma kuliko lile, kwani lile lilisemwa kwa upendo, na lilikuwa kweli.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa rahisi, na ilinifedhehesha. Niliandika majina yote upande mmoja na alama za Mzee Kirpal upande wa pili, nikitafuta mahali anapotubana sisi na kuwaachia wenyeji. Hapakuwepo. Aliwabana wote. Yule msichana wa Kijenge aliyekuwa akishinda kila mara, jaji mwingine alimpa tano na nusu, Mzee Kirpal alimpa nne na robo tatu. Binti yake mwenyewe alimpa tatu na nusu, na Jasbir alinisomea hiyo tatu na nusu bila kutikisika. Tena nilipoacha kutazama ukubwa wa alama nikatazama nani kamweka juu ya nani, nikakuta Mzee Kirpal ameniweka wa pili mara mbili, siku ambazo wale wenye tabasamu na mkono mwepesi waliniweka wa tano. Niliyemwita mwizi ndiye aliyeniona vizuri kuliko wote. Ningeweza kuishia hapo, nimwombe msamaha, nirudi kwetu. Lakini kulikuwa bado na jambo: kama si yeye, ni nani? Maana tulikuwa tunaanguka. Wachezaji kumi na zaidi wa Levolosi kwa miaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama wa kwanza.

Siku hiyo Jasbir alichoka kutafuta majina, akaanza kunisomea karatasi kama zilivyoandikwa, kwa zamu ya kuingia ukumbini: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Nami kwa uvivu nikaandika hivyohivyo, bila majina. Tulipomaliza mashindano matatu nikaona alama zinapanda. Tukafanya mengine, zinapanda. Majaji wote watano, mchoyo na mkarimu, walianza chini asubuhi wakaongezeka kadiri watu walivyoingia. Wa kwanza hakuwahi kupata tano kwa jaji yeyote, mwaka wowote.

"Labda wa kwanza ndio wabaya," Jasbir akasema.

"Wa kwanza ni mimi."

"Sisemi wewe ni mbaya. Nasema watu ndivyo watakavyosema."

Alikuwa sahihi. Sisi ndio tuliotangulia siku zote, kwa hiyo mtu angeweza kusema alama ni ndogo kwa sababu ni Levolosi, si kwa sababu ni mwanzo. Ilibidi tupate siku moja ambayo mambo yaligeuka, na tukaipata. Ilikuwa Idi. Mwezi ulionekana Ijumaa, mashindano yalikuwa Jumamosi, na kamati haikuweza kuahirisha. Kocha na wenzetu Waislamu walikwenda kuswali kwanza, sisi wengine tukawasubiri kwa sababu hatukuwa na kawaida ya kwenda bila Kocha, tukala pilau kwake tukiwa tumesimama, tukafika Kijenge saa tano. Wenyeji walikuwa wamechoka kungoja wakaanza wenyewe. Tukaitafuta karatasi ya siku hiyo. Yule bingwa wao, aliyelazimika kutangulia, alipata alama zilezile nilizozoea kupata mimi. Na mimi, niliyeingia karibu na mwisho nikiwa nimeshiba pilau, nikaruka vibaya nikaanguka kwa makalio mbele ya watu wote, nilipata alama kubwa kuliko zote nilizowahi kupata maishani. Kwa kuanguka! Nilikuwa nimezinakili alama za siku ile nikazitunza ndani ya Biblia, nikiamini majaji waliuona moyo wangu. Nilikaa pale mezani nikalia, Jasbir akanishika bega, na sikulia kwa huzuni.

Mzee Kirpal aliporudi kutoka kazini akakuta madaftari yamejaa meza. Nikamwomba radhi kwanza, kwa sababu ilikuwa haki yake. Akapokea kwa kutikisa kichwa. Kisha nikamwonyesha alama zinavyopanda, zake pia. Alivaa miwani, akafuata kwa kidole, akarudia. Mtu mwingine angebisha.

"Nikimpa wa kwanza sita," akasema, "akija aliye bora zaidi nitampa nini? Kila jaji anabakiza. Mimi nilidhani nabakiza kidogo."

"Unabakiza sana, mzee."

"Naona." Akavua miwani. "Chuma nakipima kwa kifaa. Mtu nimekuwa nikimpima kwa aliyemtangulia. Na nyinyi hamjawahi kuwa na aliyewatangulia."

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Kazi ngumu ilikuwa kwa Kocha Ramadhani. Nilimkuta chumbani kwake anashona sare za shule, pini mdomoni, nikamweleza kuanzia mwanzo mpaka siku ya Idi. Alisikiliza huku anaendelea kukanyaga cherehani, na kadiri nilivyosema ndivyo alivyokanyaga kwa nguvu. Nilipofika kwenye kusema tuache kufungua sakafu, tuombe zamu ipangwe kwa kuokota vikaratasi vyenye namba, akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Ile heshima niliiomba mimi. Kwa mdomo wangu huu. Unaniambia mimi ndiye niliyewaangusha?"

"Sisemi hivyo, Kocha."

"Karatasi zako zinasema hivyo. Haya, na Zuhura wangu?"

Zuhura alikuwa binti yake, mwenye mguu mwepesi kuliko sisi sote, aliyefungua sakafu kabla yangu mpaka akaacha kucheza. Tulikuwepo siku alipoacha. Baba yake alimwambia mbele ya timu nzima kwamba ni mvivu, anaridhika na alama za chini, na kwamba anamtia aibu. Zuhura alivua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akaenda nyumbani kwa soksi. Tangu siku hiyo alikuwa akimpikia baba yake na kumwamkia, lakini hakukanyaga tena kwenye uwanja wetu. Sasa mimi nimekuja na daftari la kusema Zuhura hakuwa mvivu. Kocha akarudisha pini mdomoni. "Julai utafungua sakafu kama kawaida," akasema katikati ya pini. "Ukiniheshimu."

Nilimheshimu. Namheshimu mpaka leo. Jumamosi ile ya Julai nilifika saa moja, nikadeki sehemu yangu na ya mwenzangu, nikafunga viatu. Kaseti ikawekwa, jina langu likaitwa, nikaenda mpaka katikati ya ukumbi nikaketi sakafuni. Maji ya deki yakanilowesha sketi. Mwenyekiti wa kamati akadhani nimeumia. Nikasema sijaumia, nataka zamu ipangwe kwa vikaratasi, na sababu zangu hizi hapa, nikafungua daftari nikaanza kuzisoma kwa sauti. Sijui niliupata wapi ujasiri ule.

"Binti, hapa si darasani," mwenyekiti akasema. "Ondoka uwape wenzako nafasi."

"Wenzangu nao waketi," nikasema, na nikaomba kimoyomoyo wasinitupe. Rehema akaja akaketi. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mdogo wa timu yetu, na hakuelewa hesabu yenyewe, alinielewa mimi. Kisha wengine. Kocha alikuwa mlangoni, amegeuza uso anatazama nje. Ndipo Mzee Kirpal akaweka kalamu yake juu ya kitambaa cheupe. "Mimi siandiki alama leo mpaka vikaratasi viokotwe," akasema. "Msichana amehesabu. Nimekagua. Yuko sahihi." Bila majaji watano hakuna mashindano, kanuni zao ndivyo zilivyosema. Wakabishana dakika nyingi kwa lugha mbili tatu, halafu mtu akaenda jikoni akaleta bakuli tupu la sukari la kuwekea vikaratasi.

Nikachukua karatasi. Ilikuwa namba moja. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na wa kwetu nao walicheka, na mwenyekiti akafungua mikono kama anayesema, umeona sasa? Nikacheza wa kwanza, sketi imelowa. Sijawahi kucheza vile kabla wala baada. Kila mruko niliuweka pale nilipoutaka, na mzunguko wa mwisho niliumaliza kwa mguu mmoja nikiwatazama majaji usoni. Wakanipa alama za mtu wa kwanza. Nikawa wa tatu. Rehema alipata zamu ya mwisho kabisa, akacheza vizuri, akashinda, Levolosi ikapata mshindi wake wa kwanza. Nairobi ikawa ya Rehema. Nilimbeba mgongoni kuzunguka ukumbi, na ndiyo, iliniuma. Sitadanganya katika umri huu. Iliniuma mpaka kwenye meno.

Jumanne yake Kocha aliniita chumbani kwake. Kamati ilikuwa imekaa. Rehema ni mdogo, anahitaji mchezaji wa akiba wa kusafiri naye, na wako tayari niwe mimi, kwa sharti moja: niandike barua ya kuomba radhi kwa kuvuruga mashindano na kukataa kufungua sakafu. Akanisogezea karatasi na kalamu kwenye meza ya kukatia vitambaa. "Mistari mitatu tu, mwanangu," akasema. "Unaenda Nairobi." Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, na alitaka niende, hilo nalijua. Nami nilitaka. Kuna watu mpaka leo wananiambia ningeandika tu, mistari mitatu ingenipunguzia nini?

Nikaandika. Niliandika majina ya wote waliowahi kufungua sakafu kwa ajili ya Levolosi, kila mmoja na mashindano aliyofungua, na mbele yake alama alizopewa. Nilikuwa nimeyashika kichwani. Chini yake nikaandika kwamba sina ninachokiombea radhi, na kwamba zamu zipangwe kwa vikaratasi siku zote. Nikatia saini, nikamsogezea, nikijua Nairobi imekwenda.

Kocha akasoma amesimama. Kidole chake kilishuka jina kwa jina, kikafika kwenye jina la Zuhura, kikakaa hapo. Mtu aliingia kuulizia suruali yake, akatutazama, akatoka.

"Mara tano?" akauliza.

"Mara tano, Kocha. Na siku zote tano Mzee Kirpal alimweka juu ya bingwa wao."

Akachukua kalamu, akatia saini yake chini ya yangu, akaikunja karatasi mara mbili akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akafunika cherehani kwa kitambaa, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na sare za watu zilikuwa hazijaisha.

"Barua nitaipeleka mwenyewe," akasema. "Lakini napita nyumbani kwanza. Zuhura yupo. Radhi naenda kuiomba kule."